Kofia Nyekundu ya Rutabo: Safari ya Laurean Rugambwa, Kardinali wa Kwanza Mwafrika

Mei 7 mwaka 2025, makardinali 133 walijifungia katika Kikanisa cha Sistina, Vatikano, kumchagua mrithi wa Papa Fransisko. Mmoja wao alikuwa wa kwetu, Mwadhama Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora. Hadi moshi mweupe ulipotoka na Papa Leo XIV akatangazwa, jina la Rugambwa lilikuwa midomoni mwa watu, makanisani na vijiweni. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo lililonisikitisha. Vijana wengi niliozungumza nao, wakiwemo Wakatoliki wa kuzaliwa, hawakujua kwamba jina hilo limekwisha kuingia katika kikanisa hicho hicho mara 3. Wapo waliodhani hospitali ya Ukonga na shule ya wasichana ya Bukoba zimepewa jina la huyu wa Tabora.

Zimepewa jina la Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika Kanisa la nyakati zetu. Siku anapokea heshima hiyo, Machi 28, 1960, huyu wa leo alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Alizaliwa Bunena, Bukoba, Mei 31 ya mwaka huo huo.

Laurean alizaliwa Julai 12, 1912, Bukongo, Kamachumu, katika nyanda za migomba na kahawa ambazo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Familia yake ilikuwa ya watu wa daraja la juu katika jamii ya Wahaya, lakini haikuwa ya Kikristo. Alibatizwa akiwa na miaka 8, Machi 19, 1921, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, siku moja na baba yake na mama yake.

Hilo la kubatizwa pamoja na wazazi si jambo dogo. Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee walizoea kuwaita Mapadre Weupe, walifuata kanuni kali ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu mzima afundishwe dini miaka 4 kabla ya kumwagiwa maji. Kwa hiyo mtoto Laurean hakuikuta imani nyumbani imekwisha kukaa kama samani ya urithi. Alikuwa na umri wa kuelewa na kukumbuka siku wazazi wake walipoinamisha vichwa mbele ya padre, naye akiwa kando yao. Maisha yake yote ya baadaye nayaona yakianzia pale.

Imani yenyewe ilikuwa imefika Buhaya kwa njia ya Buganda. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, Askofu Joseph Hirth na Wakatoliki wake walikimbia, na mwishoni mwa mwaka huo akafungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa Bukoba. Kashozi ndiyo mama wa parokia zote za Kagera. Msomaji alishike jina hilo, tutalirudia. Askofu Methodius Kilaini, mwanahistoria wa Kanisa na mwana wa Kagera, ameuchunguza kwa kina uinjilishaji wa mkoa huo kati ya 1892 na 1912. Utafiti wake unaishia mwaka uleule aliozaliwa Rugambwa. Natamani angepatikana mwingine wa kuanzia hapo alipoishia, maana miaka iliyofuata nayo ina mengi.

Kijana alipita Seminari Ndogo ya Rubya, kisha Seminari Kuu ya Katigondo huko Masaka, Uganda, ambako vijana wa Buganda na wa Buhaya walikaa benchi moja wakisoma falsafa na teolojia kwa Kilatini. Desemba 12, 1943, Askofu Burcard Huwiler, Mswisi, akampa daraja takatifu ya upadre. Siku 11 baadaye, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, kijana wa Kizanaki aitwaye Kambarage alibatizwa Nyegina akapewa jina la Julius. Robo karne baadaye wawili hao wangekuwa wakazi wa jiji moja, mmoja Ikulu na mwingine Jimbo Kuu.

Baada ya miaka michache ya kazi za parokia alipelekwa Roma, katika chuo cha Propaganda Fide, akasoma sheria za Kanisa hadi shahada ya udaktari. Alikuwa amerudi na cheti hicho kikiwa bado kipya pale Papa Pio XII alipomteua, Desemba 13, 1951, kuwa Vikari wa Kitume wa Kagera ya Chini. Hili lilikuwa eneo jipya lililomegwa kutoka Bukoba. Alikuwa na miaka 39, na Tanganyika ilikuwa haijawahi kuwa na askofu Mkatoliki mzalendo. Aliwekwa wakfu Februari 10, 1952 na Askofu Mkuu David Mathew, mjumbe wa Papa mwenye makao yake Mombasa. Pembeni mwake walisimama Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza na Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, Mganda aliyekuwa ameiona njia hiyo kabla yake, kwani alikuwa askofu tangu 1939. Machi 25, 1953 vikarieti ikapandishwa hadhi kuwa Jimbo la Rutabo.

Rutabo ni kijiji karibu na ziwa, si mji. Palikuwa na misheni na waamini, na mashamba yaliyozunguka kila kitu. Askofu mzalendo alipewa vijiji, na mji wa Bukoba wenye bandari na ofisi za serikali ukabaki chini ya askofu mgeni. Yapo maelezo mengi ya mpango huo, na si yote ni ya ubaya. Eneo jipya lilihitaji kuanza mahali fulani, na Kagera ya Chini ndiko alikozaliwa. Lakini anayejua Tanganyika ya 1952 ilivyokuwa hahitaji kuchorewa picha. Mwafrika aliyekuwa wa kwanza katika jambo lolote alipewa nafasi ndogo kwanza ili atazamwe. Rugambwa alitazamwa miaka 8 akiwa Rutabo.

Kisha ukaja Machi 1960.

Mwaka ule Afrika ilikuwa inachemka. Nchi 17 zingepata uhuru kabla haujaisha. Huku kwetu TANU ilikuwa njiani kuingia serikalini, ingawa gavana alikuwa bado Mwingereza, Sir Richard Turnbull. Mwanzoni mwa mwezi huo Papa Yohane XXIII alitangaza majina ya makardinali wapya 7 aliokusudia kuwaweka. Watatu kati yao waliushangaza ulimwengu. Peter Tatsuo Doi wa Tokyo angekuwa Mjapani wa kwanza kuwa kardinali, na Rufino Santos wa Manila Mfilipino wa kwanza. Wa tatu alikuwa askofu wa mahali ambapo wahariri wengi wa Ulaya bila shaka walilazimika kupatafuta kwenye ramani: Laurean Rugambwa wa Rutabo, mwenye miaka 47.

Ni kweli kusini mwa Sahara kulikwisha kuwa na kardinali kabla yake. Teodósio de Gouveia wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, alipewa cheo hicho mwaka 1946. Lakini de Gouveia alikuwa Mreno, askofu katika koloni la Wareno. Rugambwa alikuwa mwana wa nchi, na nchi yenyewe ilikuwa bado haina bendera yake.

Swali ambalo mtu yeyote makini angeuliza, na ambalo naona linastahili kuulizwa hadi leo, ni hili: kwa nini Rugambwa na si Kiwanuka? Mganda huyo alikuwa amemtangulia kwa miaka 12 katika uaskofu. Alikuwa na udaktari wa sheria za Kanisa kama yeye. Jimbo lake la Masaka, lililoendeshwa na mapadre Waafrika, lilikuwa limekwisha kuthibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana. Tena alikuwa kati ya maaskofu waliomwekea Rugambwa mikono. Jibu langu ni kwamba Kiwanuka, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa amejiunga na shirika la Wamisionari wa Afrika, ilhali Rugambwa alikuwa padre wa jimbo, zao la seminari za nyumbani. Kumvika kofia nyekundu mtu wa aina hiyo kulikuwa ni kusema kwamba Kanisa la Afrika limeanza kusimama kwa miguu yake bila kuegemea shirika la wageni. Hiyo ni tafsiri yangu, wala simpunguzii Kiwanuka sifa hata moja. Mwishoni mwa mwaka huo huo naye alipewa Rubaga, akawa askofu mkuu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Machi 21, polisi wa serikali ya Makaburu waliwafyatulia risasi huko Sharpeville watu waliokuwa wakipinga sheria ya pasi. Watu 69 wakafa. Ndiyo hali ya bara letu Rugambwa alipokuwa Roma akisubiri. Magazeti yaliyochapisha picha za maiti barabarani ndiyo yaliyokuja kuchapisha picha ya Mwafrika mrefu, amesimama wima katika joho jekundu, katikati ya wakuu wa Kanisa.

Taratibu za wakati ule zilikuwa na hatua nyingi, na inafaa tuzitazame kwa karibu kwa sababu nyingine hazipo tena. Kwanza mteule alikaa na wageni wake kusubiri barua kutoka Sekretarieti ya Vatikano. Barua ilipoletwa na mjumbe ilifunguliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wote, ndipo pongezi zikaanza. Hiyo ilikuwa Machi 28. Machi 31 kilifuata kikao cha hadhara. Makardinali wapya walipiga magoti mmoja mmoja mbele ya Papa, naye akashika juu ya kichwa cha kila mmoja kofia kubwa bapa ya rangi nyekundu, yenye ukingo mpana na vishada vinavyoning'inia pande zote mbili. Kofia hiyo haikuvaliwa tena baada ya siku ile. Ilitunzwa, na desturi ilikuwa kuitundika juu ya kaburi la mwenyewe akishafariki. Papa Paulo VI aliifuta sherehe hiyo mwaka 1969, kwa hiyo Rugambwa ni kati ya makardinali wa mwisho duniani kuinuliwa kwa njia hiyo.

Kila kardinali hupewa kanisa moja la Roma liwe lake kwa jina. Yeye alipewa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere, karibu na mto Tiber, mahali ambapo mapokeo yanasema Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifikia alipokuja Roma. Watalii huenda huko kutazama sanamu ya marumaru ya Bernini. Mtanzania atakayefika mjini humo aingie pia kwa sababu hii nyingine.

Kuhusu Rutabo, kofia ile ililazimisha mabadiliko. Haikuwezekana kardinali akae kijijini huku mji wa jirani ukiwa na askofu mwingine. Juni 21, 1960, chini ya miezi 3 baada ya sherehe za Roma, Vatikano ilibadilisha majina. Jimbo la Rutabo likaitwa Bukoba. Lililokuwa Bukoba likaitwa Rulenge, na askofu wake, Alfred Lanctôt wa Wamisionari wa Afrika, akawa Askofu wa Rulenge. Kwa maandishi ya karatasi moja mzalendo akapata mji. Tanganyika yenyewe ilipata uhuru wake karibu miezi 18 baadaye, Desemba 9, 1961.

Watu wengi husimulia ukardinali wa Rugambwa kama pambo tu, heshima aliyopewa mtu mmoja na picha ya ukutani. Kazi aliyoifanya kwenye Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano inawakanusha. Mtaguso ulipofunguliwa Oktoba 1962, maaskofu kutoka Afrika walikuwa wametawanyika kwa lugha, kwa mashirika na kwa wakoloni wao. Wengi bado walikuwa Wazungu. Katika siku za mwanzo kabisa waliunda sekretarieti moja ya bara zima, wakamfanya Rugambwa kuwa rais wake. Askofu Mkuu Jean Zoa wa Yaoundé akawa katibu wa wanaozungumza Kifaransa, na Blomjous wa Mwanza katibu wa wanaozungumza Kiingereza. Walikubaliana kuzungumza mambo kwanza wao kwa wao, kisha mmoja asimame ukumbini na kusema kwa niaba ya wengi.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Addis Ababa Mei 1963. Maaskofu walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao miezi kadhaa kabla, na aliyewaongoza alitoka Kamachumu. Vitabu vyetu vya shule vinaueleza ule wa Addis Ababa kwa kurasa nyingi, na ni vema. Huu wa Roma nao ungestahili aya yake. Desemba 4, 1963 Mtaguso ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji. Anayeimba leo Misa ya Kiswahili kwa ngoma na kayamba, bila kusikia neno la Kilatini, anakula matunda ya vikao vile.

Kati ya vikao hivyo, Juni 1963, Rugambwa alipiga kura katika mkutano uliomchagua Paulo VI. Ndiyo mara ya kwanza Mwafrika mweusi kushiriki kumchagua Papa katika nyakati zetu. Nyumbani, enzi zake za Bukoba ziliacha kanisa kuu la Mama wa Huruma, linaloonekana toka mbali mtu akiingia mjini, na shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake, ambayo leo ni ya serikali.

Desemba 19, 1968 Paulo VI alimhamishia Dar es Salaam. Edgar Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi aliyeliongoza jimbo hilo tangu 1930, alikuwa amestaafu mwaka 1966. Rugambwa akawa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la minara ya Kijerumani mbele ya bandari. Azimio la Arusha lilikuwa na karibu miaka 2. Muda mfupi baadaye sheria ya elimu ya 1969 ikazitia shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, nyingi zikiwa za Wakatoliki. Rugambwa hakugombana na serikali hadharani. Wapo wanaosema alipaswa. Mimi naona alikuwa mtu aliyezoea kujenga polepole. Shule zilipochukuliwa, Kanisa lake lilijenga upande wa afya, na hospitali ya Ukonga inayobeba jina lake inahudumia watu wa dini zote mpaka leo.

Mwaka 1978 alikwenda Roma mara 2 kupiga kura, Agosti na Oktoba, kwa sababu Papa Yohane Paulo I aliishi siku 33 tu baada ya kuchaguliwa. Wiki 2 baada ya Yohane Paulo II kuchaguliwa, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiingilia Kagera, nchi aliyozaliwa kardinali. Papa huyo alikuja kutembelea Tanzania Septemba 1990, mwenyeji wake Dar es Salaam akiwa Rugambwa mwenye miaka 78. Septemba 2, Papa aliwapa daraja ya upadre mashemasi kutoka majimbo mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Protase Rugambwa.

Laurean aliacha uongozi Julai 22, 1992, siku 10 baada ya kutimiza miaka 80, akimwachia Polycarp Pengo. Alifariki dunia Dar es Salaam, Desemba 8, 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akiwa na miaka 85. Nchi ilikuwa ikijiandaa kwa sikukuu ya uhuru kesho yake.

Mahali pake pa kupumzika palikuwa Bukoba, katika kanisa kuu lililojengwa enzi za uaskofu wake. Lakini kanisa hilo halikuwa tayari, lilihitaji matengenezo makubwa. Kwa hiyo akazikwa kwa muda Kashozi, kwenye misheni ya Hirth ya 1892. Muda huo ukawa karibu miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa msiba alikwisha kumaliza shule ya msingi, kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi akiwa bado katika kaburi la kusubiri. Kukarabati kanisa kubwa mbali na viwanda kuna gharama nzito, na waamini wa Bukoba walibeba mzigo huo kwa uaminifu. Wala Kashozi si mahali pa aibu, kwani pana heshima yake ya pekee. Lawama yangu iko kwingine. Rugambwa alikuwa wa taifa zima, na katika miaka ile 15 taifa lingeweza kuuliza limsaidie nini Bukoba. Oktoba 6, 2012, mwaka wa 100 tangu azaliwe, mabaki yake yalihamishwa na kuzikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Bukoba, wakati Mhashamu Nestor Timanywa akiwa askofu wa jimbo.

Kaburi sasa lipo mahali pake. Kilichobaki ni kumbukumbu za watu. Mapadre aliowapa daraja kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwishoni mwa 1968 wamevuka miaka 80. Umri huo ndio wa masista na makatekista waliofanya kazi naye Rutabo na Bukoba. Wao ndio wanaojua jinsi alivyohubiri kwa Kihaya, alivyowapokea wageni, na aliwasimulia nini kuhusu siku zile za Roma baada ya kurudi. Jimbo la Bukoba, Jimbo Kuu la Dar es Salaam na idara za historia za vyuo vikuu vyetu zina watu wa kuwatembelea wazee hao na kinasa sauti mwaka huu huu, nyumba kwa nyumba, kuanzia Kamachumu.